Barafu juu ya jicho la dada

Waliogundua kwanza walikuwa wateja. Dada yangu ni msusi. Wakati huo alisukia kibarazani Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, juu kidogo ya soko, na alijulikana kwa kusuka kutwa nzima akiwa wima huku akipiga soga. Kisha ikaanza kusemwa kwamba ukitaka kusukwa vizuri kwake, fika asubuhi. Wa mchana walikuwa wanaondoka na nusu kichwa, wamejifunga kitambaa, wameambiwa warudi kesho. Anainua mikono, anasuka mistari miwili, mikono inashuka yenyewe hadi mapajani, naye anaitazama na kucheka.

Ikafuata kope, ya kulia kwanza. Jua likianza kuinama ilikuwa imefunika nusu ya jicho, ikambidi ainue kidevu ili amwone anayezungumza naye. "Naona wateja wawili," alikuwa anasema, "lakini anayelipa ni mmoja." Mezani alianza vizuri, ugali na sambaza, ila akifika katikati ya sahani taya linagoma. Alikuwa anakisukuma kidevu kwa kiganja ili amalize kutafuna.

Mtaani hakukuwa na mjadala: karuho. Kwetu Bukavu mtu akidhoofika bila sababu inayoonekana, basi ametiliwa sumu, na msusi mwenye wateja wengi hakosi wa kumwonea wivu. Shangazi akapanda gari kutoka Walungu na chupa ya dawa ya kutapisha. Dada akatapika usiku, akalala mpaka mchana, akaamka kope ziko juu. Shangazi akapiga vigelegele. Jioni zikashuka tena.

Hospitalini mambo yalikuwa hivyo hivyo, kwa njia nyingine. Anayetaka kuonwa na daktari hufika alfajiri ili awe mbele kwenye foleni. Kwa hiyo kila mara dada aliingia kwa daktari akiwa ametoka kupumzika, macho yako wazi, vidole vinabana vizuri. Mmoja akampa miwani. Mwingine akamshauri apunguze mawazo, na hilo lilimuuma kweli, maana kama kuna mtu asiye na mawazo katika ukoo wetu ni yeye.

Halafu ikaja homa. Kituo kimoja cha afya kikamtundikia seramu ya kwinini, kama ambavyo kingemtundikia mgonjwa yeyote wa malaria. Usiku ule mate yalimshinda kumeza. Kichwa hakikusimama shingoni. Nilikishika kwa mikono miwili, nikimfuta mdomo kwa kanga, huku nikisikiliza kama anapumua. Kabla ya chupa ya pili kwinini ikawa imeisha kituoni, na mpaka leo naamini upungufu huo ndio uliomwokoa.

Daktari aliyeutambua ugonjwa tulimpata Ibanda, mwanamke kijana wa sauti ya chini. Alisikiliza bila kuandika, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Mama, asubuhi na jioni uko sawasawa?" Nikajibu mimi kabla ya dada. Basi, akasema, leo hamwendi nyumbani. Akamwita muuguzi aliyekuwa amefumua nywele, akamketisha kwenye benchi ya korido, akamwambia dada: msuke.

Kufikia saa tisa mikono ilikuwa imekwisha na kope zote mbili zimelala. Muuguzi ana nusu kichwa. Ndipo Docta akaanza kazi. Akagonga magoti kwa nyundo ndogo, miguu ikaruka. Akampitisha pamba kwenye nyayo, dada akahisi. Akammulika mboni, zikanywea kama inavyotakiwa. Alikuwa anawaeleza wanafunzi wake, nami nikatega sikio: neva zenyewe zikiharibika, kama kwenye ugonjwa wa Guillain-Barré, udhaifu mara nyingi huanzia miguuni ukapanda, na goti likigongwa halijibu. Huyu magoti yanajibu na ngozi inahisi. Kinachomwishia ni nguvu, na humwishia kadiri anavyoitumia. Akamtaka atazame dari bila kushusha macho. Tuliziona kope zikiteremka.

Kisha akanituma barafu. Nilidhani ananitania. Getini palikuwa na mama anayeuza juisi iliyogandishwa kwenye vifuko; nikapata kimoja cha maji matupu. Docta akakiponda, akajaza vipande kwenye glavu, akafunga fundo, akaiweka juu ya jicho la kulia lililofumbwa. Dakika mbili. Maji yalichuruzika shavuni mpaka kwenye kola ya blauzi. Glavu ilipoondolewa, jicho la kulia likafunguka lote, jekundu kidogo kwa baridi, na la kushoto bado limelala. "Yesu!" akasema muuguzi wa nusu kichwa. Muda si mrefu kope ikaanza kurudi chini.

Ugonjwa unaitwa miastenia gravis. Neva huuamuru msuli kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na kwa mgonjwa huyu kingamwili zake mwenyewe huziba na kuharibu sehemu za msuli zinazoipokea. Kuna kimeng'enya kinachoivunja kemikali hiyo; baridi hukipunguza kasi, amri ikapata nafasi ya kufika. Kwinini huidhoofisha amri hiyo hiyo, na antibiotiki iitwayo jentamisini pia. Nikaukumbuka ule usiku, nikanyamaza. Kesho yake walimchoma neostigmini, dawa inayokizuia kimeng'enya hicho, atropini ikiwa tayari pembeni moyo usije ukapunguza mapigo, na haikuchukua muda sauti ya puani aliyokuwa nayo ikaondoka.

Yaliyofuata yalikuwa ya fedha zaidi: vidonge vya piridostigmini, ndugu wa neostigmini, vya miligramu 60 kutoka Kigali, skana ya kifua kuangalia thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, isiwe na uvimbe (haikuwa nao), prednisoloni ya kutuliza kinga ya mwili, iliyoanzwa kwa kipimo kidogo kwa sababu mwanzoni inaweza kuzidisha udhaifu.

Shangazi ndiye hakuridhika. "Docta, mwanangu, kwa hiyo sumu hakuna?" Docta akamjibu kwa adabu kwamba hakuwa mbali sana. Mwaka 1934 huko Greenwich, London, daktari Mary Walker aliona wagonjwa wa aina hii wanafanana na watu waliopewa kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini. Akampa mmoja wao fizostigmini, dawa inayoishinda sumu hiyo, na kope zikainuka. "Ila hapa, Mama, anayetia sumu ni mwili wenyewe."

"Sawa," Shangazi akasema. "Na mwili nani aliutuma?"

Docta akacheka mpaka akavua miwani. Akamwandikia karatasi ya dawa ambazo dada asipewe, kwinini juu kabisa, na chini yake kwamba malaria ikiwa kali apewe artesunati. Karatasi hiyo dada hana. Anayo Shangazi, ameikunja kwenye kitambaa cha pesa, na dada akipata homa yeye ndiye anayetangulia kufika kituoni, anaifungua mbele ya wauguzi na kuwauliza kama wanajua kusoma.