Nilivyoacha kumgeuza mwandishi kuwa mtu wa boda

Mteja alinirudishia faili likiwa na maoni ya mstari mmoja: huyu bwana si "rider", ni "writer". Nilisoma masikio yakawaka moto. Kwa dakika 40 nilikuwa nimemsikiliza Mmarekani yule akisimulia maisha yake, na kila alipotaja kazi yake nikaandika "rider" bila wasiwasi wowote. Mimi hukaa Zimmerman. Hapa rider ni yule kijana wa boda anayekungoja stejini. Kwamba hakutaja pikipiki hata mara moja hakukunishtua. Alipoanza kumsifu mchapishaji wake, nilijiambia labda hiyo ni biashara ya pembeni. Nani Nairobi hana biashara ya pembeni?

Kazi yangu ni unukuzi. Natumiwa sauti, naandika kila kilichosemwa. Malipo huhesabiwa kwa dakika ya sauti, si kwa dakika ulizokaa kitini, na saa moja ya sauti hula saa nne zangu msemaji akiwa mwema. Niliingia kifua mbele, maana kwenye KCSE nilipata A ya Kiingereza na insha zangu zilikuwa zikisomwa mbele ya darasa. Mwezi wa kwanza ukanionyesha kwamba ile A ilikuwa ya macho. Masikio hayakuwa yamefanya mtihani wowote.

Kwenye ploti yetu, mlango wa kwanza ukiingia geti, anakaa mzee aliyefundisha Kiingereza miaka mingi huko Murang'a. Wote tunamwita Mwalimu. Nilimpelekea kilio changu, akanipa kamusi yake kuukuu yenye alama za matamshi, zile za e iliyopinduliwa na s iliyorefushwa shingo. Nilihangaika nazo wiki mbili. Hazina makosa, wataalamu walianza kuzitengeneza tangu miaka ya 1880, lakini mimi nilikuwa na kodi ya kulipa, na kila nikikutana na alama ilibidi nirudi kurasa za mbele kuuliza huyu naye ni nani.

Halafu jioni moja stima ikapotea. Betri ya laptopu ilikuwa imebaki na pumzi kidogo na faili lilitakiwa kabla ya saa sita usiku. Nikahamishia sauti kwenye simu, nikazima laptopu ili kuilinda, nikawasha mshumaa na kufungua daftari. Kulikuwa na kipande cha sekunde mbili kilichonishinda tangu mchana. Nilikuwa nimekirudia hadi kikapoteza maana kabisa. Safari hii sikubahatisha neno. Niliandika tu kile sikio lilichopokea, herufi kwa herufi, kama imla ya darasa la kwanza: ai wazn gerin eni slip.

Nikashuka na daftari. Mwalimu alikuwa ameketi nje ya mlango wake, giza totoro, kikombe mkononi.

"Mwalimu, hebu nisaidie. Huyu anasema nini?"

Nikamsomea.

"Soma haraka, mwanangu. Usikate."

Nikasoma haraka.

"Hakuwa akipata usingizi huyo," akasema, akaendelea kupuliza chai yake.

Nilirudi juu nikisema "I wasn't getting any sleep" ngazi nzima. Sauti ilikuwa wazi muda wote. Kilichonizuia ni kwamba nilikuwa nikitafuta maneno ninayoyajua kwa sura, na mtu yule hakuwa ametamka sura. Herufi za Kiswahili hazina ujanja huo. A ni a, leo na kesho. Kiingereza kilianza kuzoea tahajia moja baada ya mtambo wa uchapishaji kufika kwao mwaka 1476, wakati irabu zake zilikuwa bado zinahama. Maandishi yakabaki stejini, gari likaenda.

Tangu usiku ule nikawa na daftari maalumu. Upande wa kushoto nilichosikia, kwa Kiswahili; upande wa kulia neno lenyewe na msemaji ni wa wapi. Nitaonyesha vipande vyake, maana najua wengi wenu mko kwenye hizi kazi.

Kurasa nyingi ni za Wamarekani, na nyingi kati ya hizo ni za t. Ikikaa katikati ya irabu mbili, t ya Mmarekani si t tena. Ulimi unagonga mara moja na kuondoka, sawasawa na r yetu ya "habari". Kwa hivyo "water" kwangu ni wora, "better" ni bera, na "city" ni siri. Hiyo ya mwisho bado hunichekesha: mtu anakwambia anatoka mjini, wewe unasikia siri. Shida ni kwamba d nayo hufanyiwa vivyo hivyo, ndiyo maana "writer" na "rider" zote ziliniingia kama raira. Kinachozitenganisha kwa wasemaji wengi wa huko ni ile ai. Kwenye "writer" inakatwa fupi, kwenye "rider" inavutwa kidogo. Nilirudia faili la yule bwana mara kumi nikisikiliza ai peke yake, na kweli, ilikuwa fupi kila mara. Nilikuwa nimeipita mbio nikiikimbilia konsonanti.

Kilichokaribia kunifukuzisha kazi, hata hivyo, ni kineno kidogo kuliko hicho. Mgonjwa mmoja alikuwa akihojiwa kuhusu dawa. Je, alisema anaweza kuinywa au hawezi? Mwingereza wa kusini hakupi taabu. "Can't" yake ni kaant, ndefu kama foleni ya Thika Road. Mmarekani anameza t ya mwisho, irabu inabaki ileile, na wewe unabaki na ndiyo na hapana zinazofanana kama mapacha. Niliishia kusikiliza uzito badala ya herufi. Akikubali, "can" inafinywa hadi irabu inapotea na kitenzi ndicho kinachobeba mkazo: ai kn TEIK it. Akikataa, neno lenyewe linasimama wima: ai KEN teik it. Huwa nagonga meza kwa kidole nikisikiliza. Kidole kikianguka kwenye "can", hiyo ni hapana. Hili haliji kwa urahisi kwetu kwa sababu Kiswahili kimetuzoesha mkazo unaokaa silabi ya pili kutoka mwisho na hauhami nyumba.

Hapo ndipo nilipoacha pia kupunguza kasi ya sauti hadi nusu. Programu zote zina hicho kitufe na kila anayeanza hukikimbilia. Lakini ukipunguza mno, mdundo unakufa, na mdundo ndio uliobeba hapana. Mimi sishuki chini ya asilimia 80, na nikishindwa narudia kwa kasi ya kawaida.

Nambari zilipata ukurasa wao. Chukua 30. Watu wengi wa Ireland hunipa kitu kama tirti, na "three" yao inakaribia sana "tree", mti. Wako watu wa London wanaoweka f mahali pa th, ukasikia fati. Mmarekani husema therdi, na hapo lazima uangalie asije kuwa alisema 13, ambayo t yake haigongwi, inabaki t kamili na mwisho unavutwa. Nilikuwa naandika haya dirisha likiwa wazi, na chini makanga anaita, "Tao thate! Tao thate!", yaani mjini ni thelathini. Hata yeye ana ya kwake, na hakuna abiria aliyewahi kupanda akilipa 13.

Waskoti walinishangaza. Kila mtu mtandaoni alikuwa amenitisha nao, na kweli mtu wa Glasgow akikasirika hata mshumaa haukusaidii. Lakini r yao inasikika, na irabu zao nyingi zinakaa sehemu moja kama zetu: "go" ni goo, "face" ni fees, bila ule mteremko wa fe-i-s wa kusini. Niliwaelewa kabla sijawaelewa watu wa London. Kaskazini mwa Uingereza nako nilikuta "bus" ikitamkwa bus, "cup" ikitamkwa kup, kana kwamba mtu amefundishwa kusoma na shangazi yangu wa Kilifi. Hapa kwetu ni bas, na Wanigeria niliowanukuu husema bos.

New Zealand ndiyo iliyonipiga mwereka wa pili. Mama mmoja alikuwa akieleza safari yake ya ndege, nami nikaandika kwamba familia nzima ilipanga foleni kwenye meza ya kuku. "Chicken desk." Niliona ni ajabu, lakini nikajiambia nchi za watu zina mambo yao. Alikuwa amesema "check-in". E fupi ya kule imepanda hadi inakaribia i ya kwetu, "pen" inasikika pin, na i yenyewe ikasukumwa kando, ndiyo maana jirani zao wa Australia huwacheka kwa "fush and chups". Hao Waaustralia nao "day" yao wengine huisikia kama "die", kwa hivyo sioni nani amcheke mwenzake.

Yale maneno ambayo watu hupenda kubishania, "schedule" ya she au ya ske, "vitamin" ya vi au ya vai, "tomato", "route", "privacy", hayajawahi kunisumbua. Yanatofautiana waziwazi, ukishayasikia mara moja umemaliza. Mwalimu tu ndiye huyapigania. Nilimweleza kwamba r wanayoitamka Wamarekani wengi mwishoni mwa "car" ni ya zamani kuliko ukimya wetu: walowezi walivuka nayo karne ya 17, kusini mwa Uingereza ikaja kulegea karne ya 18, na makazi ya Australia yaliyoanza 1788 yakakua bila hiyo r, nasi baadaye tukaletewa toleo hilohilo. Akanijibu kwamba mtoto anayeacha mali ya baba yake hawezi kuwafundisha waliobaki nyumbani. Sikujua nani ameacha nini katika mfano huo. Nikanyamaza.

Kuna jambo lililoniudhi njiani. Sisi wenyewe mtu akichanganya l na r tunamcheka kwamba anashrabu, hata mbunge anatengenezewa video. Mtu wa London akimeza t zote za "bottle" tunasema ana aksenti. Binamu yangu alifanya mwaka mmoja Dubai akarudi na Kiingereza cha puani, na pale nyumbani akapewa kiti kizuri.

Mwezi uliopita nilitumiwa faili la kukagua, lililonukuliwa na mtu wa mbali. Msemaji alikuwa Mkenya, mtafiti, akieleza kazi yake Ziwa Naivasha. Mnukuzi alikuwa amejaza "haisikiki" kila mahali, na palipobaki alikuwa ameandika kwamba kila asubuhi mtafiti huamka kuhesabu "the bad". Wabaya wa Naivasha. Aliwahesabu kwa darubini, wengine wakiruka, wengine wakitaga mayai kwenye matete. Nilicheka peke yangu, kisha nikamwonea huruma mnukuzi, kwa kuwa mimi ndiye niliyewapeleka watu kwenye meza ya kuku. Nilimaliza faili zima kabla chai haijapoa.

Kwenye daftari nikafungua ukurasa mpya, juu nikaandika: Sisi. Mstari wa kwanza: bad ni "bird", ni "bad", ni "bud". Nikashuka kumwonyesha Mwalimu. Alivaa miwani, akasoma, akanirudishia.

"Labda nyinyi vijana," akasema. "Mimi sijawahi kusema hivyo. Neno liko wazi: bad. Yule wa kuruka."