Gari la Alajuela

Jana jioni binti yangu alinipa simu yake nimtazamie magari mawili anayoyapima kwa ajili ya safari yake na wenzake ya kwenda Kosta Rika mwezi wa Desemba, akaniuliza: "Mama, hili dogo la dola 9 kwa siku si linatosha?" Nilimrudishia simu bila kumjibu. Bei ilikuwa ileile niliyoiona mimi, na nilipoiona nilimkumbuka baba yangu akiwa amepiga magoti kwenye lami yenye maji, shavu lake likikaribia kugusa ardhi, akichungulia chini ya gari ambalo nilikuwa nimekwisha kuliamulia kwamba ndilo letu.

Ilikuwa Julai 2015, miezi saba baada ya mama yangu kufariki, na Baba alikuwa nasi Houston. Nilitaka aone mahali pengine palipo na milima ya kijani na mvua kama kwao Tukuyu, nikachagua Kosta Rika, nikakodi gari dogo la saluni kwenye mtandao usiku mmoja nikiwa nimechoka. Sikusoma zaidi ya ile bei.

Kaunta ya wakodishaji ilikuwa Alajuela, karibu na uwanja wa ndege wa Juan Santamaría. Kijana aliyetuhudumia alinieleza kwa adabu kwamba sheria ya nchi inamtaka kila anayekodi gari alipie bima ya kufidia watu wengine, na kwamba bima ya kadi yangu ya benki ya Marekani inaweza kuligharamia gari lenyewe likiharibika, lakini haiwezi kushika nafasi ya ile ya lazima. Juu ya hapo kulikuwa na amana ya dola 1,000 iliyozuiwa kwenye kadi mpaka tutakaporudi. Zile dola 9 zikawa 34 nikiwa bado nimesimama palepale. Nilipomtajia tunakoelekea, yaani Monteverde milimani, kisha volkano ya Arenal, kisha kusini hadi kijiji cha Drake kwenye rasi ya Osa, aliweka kalamu chini na kusema kwamba kwa njia hizo hawezi kunipa saluni. Msimu wa mvua huko ni kuanzia Mei hadi Novemba, na barabara ya Drake, alisema, ilikuwa ya udongo, nayo ilikatiza mito isiyokuwa na madaraja.

Alitutoa uani tukachague. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu na lami ilikuwa inafuka mvuke. Kulikuwa na Hyundai Tucson nyeupe, mpya, ndani inanukia plastiki ambayo bado haijazoea jua, na kando yake Daihatsu Bego ya kijivu, ndugu wa ile Toyota Rush tuliyoizoea nyumbani, yenye mikwaruzo kwenye bampa na kilomita zaidi ya 90,000. Nililikimbilia lile jeupe. Lilikuwa pana, buti yake inameza masanduku yote, na tofauti ya bei haikufika dola 10. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono nipokee ufunguo.

Baba alikuwa hajasema neno tangu tushuke kwenye ndege. Alivua kofia yake, akanipa niishike, akatoa leso mfukoni, akaikunja mara mbili na kuitandika kwenye lami, kisha akapiga magoti juu yake taratibu, goti moja kwanza, halafu la pili, jinsi watu wa umri wake wanavyopiga magoti kanisani. Akainama mpaka shavu likakaribia chini. Kijana wa kaunta alinitazama kwa wasiwasi, nadhani alidhani mzee ameanguka. Baba aliingiza mkono chini ya gari kwa nyuma, akapapasa, akautoa.

"Mwanangu," aliniambia bila kuinuka, "hili halina difu nyuma."

Sikuelewa. Akanieleza akiwa bado chini, kwa sauti ya mtu anayemfundisha utingo wake siku ya kwanza, kwamba gari likivuta magurudumu yote manne lazima propela, chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini, itoke mbele ije nyuma, na nyuma uione difu, inayoyagawia magurudumu nguvu hiyo, imekaa katikati kama chungu. Hapa pako wazi. Umbo ni la gari la porini, alisema, lakini linavuta kwa mbele tu. Nilimuuliza kijana, naye akaangalia karatasi yake, akakubali kwamba Tucson ile kweli ilikuwa ya kuvuta mbele, na kwamba wateja wengi hawaulizi.

Baba akahamia kwenye Bego na leso yake. Chungu kilikuwepo. Akapitisha kiganja juu ya meno ya tairi, halafu akakizungusha kwa upande wa ndani, ule usioonekana ukiwa umesimama, kwa sababu tairi, alisema, huanza kuliwa pale ambapo mwenye gari hapaoni. Akanivuta nichuchumae, akanionyesha kwenye ubavu wa mpira tarakimu nne ndani ya duara lililobanwa: 3114. "Wiki ya 31, mwaka 2014. Tairi hili halijamaliza mwaka." Nimeendesha gari tangu nikiwa na miaka 22 na sikuwa nimewahi kuzisoma tarakimu zile. Alifungua sehemu ya tairi la akiba, akaliminya, akatafuta jeki, akachukua spana na kuijaribu kwenye nati za kila gurudumu aone kama inashika, magurudumu yote manne, moja baada ya jingine. Kidole chake cha shahada kilikuwa cheusi kwa vumbi la mpira. Mwishowe alinipa mkono nimwinue, na ule weusi ukabaki kwenye kiganja changu.

Nilijaribu kubisha. Nilisema lile jeupe ni jipya, na kwamba katika hili dogo yeye mwenyewe atabanwa miguu. Akajibu: "Pale Kitonga nimeyapita mapya mengi yamelala pembeni." Aliendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma, njia inayopanda mlima huo wa Kitonga, kwa miaka 26, na sikuwa na la kuongeza. Tulichukua Bego. Kijana alipiga picha za mikwaruzo yote ili tusije tukadaiwa, naye Baba akanitaka nipige moja zaidi, ya chini ya gari, kutokea nyuma, ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameiomba.

Safari yenyewe ilikwenda haraka kuliko nilivyotaka. Changarawe ya kupandia Monteverde haikutusumbua, na ile ya kushuka hadi Tilarán, mbaya zaidi, ilimfurahisha Baba kiasi cha kuanza kuimba. Arenal tulikuta imejifunika mawingu siku zote mbili. Tulipovuka Cerro de la Muerte, mlima wa kifo, ambako barabara kuu inapita juu ya mita 3,300 na ambako zamani wasafiri wa miguu walikuwa wakifa kwa baridi, ukungu ulikuwa mzito hata nikalazimika kufuata mstari wa njano tu, naye Baba akanihesabia kona kwa sauti ya chini mpaka tukatokea upande wa pili.

Baada ya Rincón, kwenye ile barabara ya Drake, tulivuka vijito viwili bila shida. Wa tatu ulikuwa mto. Usiku mvua ilikuwa imenyesha milimani na maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Baba alivua viatu, akakunja suruali, akakata fimbo, akaingia. Alitembea mpaka ng'ambo na kurudi, akiupima mto kwa fimbo kila hatua mbili, kisha akaja kusimama kando ya gari na kuonyesha kwa kiganja mahali maji yalipofika chini ya goti lake, akakihamishia kiganja kilekile kwenye mlango wa gari. Kilikaa chini kidogo ya kizingiti. "Linapita," alisema. "Gia ya kwanza, usikanyage klachi, usisimame."

Mkataba ulikuwa kwenye droo ya dashibodi. Kulikuwa na kifungu nilichotia saini pembeni yake, kinachosema kwamba gari likiharibiwa na maji ya mto hakuna bima yoyote itakayolipa, hata ile kubwa niliyoikataa. Nilifikiria bei ya gari zima. Nikamwambia Baba tunarudi. Hakubishana. Alikaa, akafuta miguu kwa ile leso, akafunga kamba za viatu, na hatukuzungumza mpaka Palmar Norte.

Kule uani nilikuwa nimeuamini mkono wake bila kuelewa ulichokuwa unakigusa, na pale mtoni, baada ya mkono uleule kupima maji mbele ya macho yangu, niliiamini karatasi. Pengine nilifanya sawa. Dereva nilikuwa mimi, na deni lingekuwa langu. Lakini ni yeye aliyechagua gari linaloweza kuvuka, na alilichagua kwa ajili ya mto ule tangu kijana alipoutaja kaunta, jambo ambalo mimi sikuliunganisha mpaka miaka ilipopita na yeye hayupo tena wa kuulizwa. Drake hakuiona.

Asubuhi ya leo nimemwandikia binti yangu aombe jumla ya bei pamoja na bima ya lazima kabla hajafurahi, asome tarakimu nne kwenye tairi, na aangalie kama kuna difu nyuma. Kisha nikaitafuta ile picha, nikaikuta, nikamtumia. Ni picha ya chuma, tope kidogo, na ukingoni, kwa bahati, vidole vinne vya babu yake vikiwa vimeshika bampa. Amejibu akiuliza ni nini kile, na mkono ule ni wa nani.

Nimekaa niandike.