Deki iliyogoma kutoa trei wakati wa baridi: nilivyotatua

Kwa wenye deki za bei mbaya zinazosoma CD, SACD (CD za muziki za ubora wa juu) na Blu-ray (diski za video): yangu, hapa Uyole, Mbeya, baridi ya Julai ilipoanza, trei ikawa inanguruma tu bila kutoka. Mchana jua likiwaka, inafunguka. Nikabadili stabilaiza, nikairudisha kwenye seti za kiwandani, wapi!

Nikachomoa umeme, nikafungua kifuniko. Kimkanda cha mpira kinachoendesha trei kilikuwa kimekakamaa. Kipya nilikipata Mwanjelwa kwa mafundi redio, nacho kikateleza. Kumbe puli ya mota (kigurudumu kinachozungusha mkanda) ina utando wa grisi, hauuoni mpaka umulike tochi kwa pembeni. Nikaufuta kwa spiriti, ikakauka, kisha nikavalisha mkanda kwa kibano, maana vidole navyo vina mafuta. Sasa hata alfajiri inatoka. Mkanda wa zamani usitupe, ndio kipimo cha kununulia.