Rampu ilikuwa kwenye michoro

Nyumba niliitolea arbuni kabla jengo halijaisha, huko Tudor, Mombasa, kwa sababu ya lifti. Natumia kiti cha magurudumu mwaka wa tisa sasa. Siku ya kwenda kuiangalia nikakuta mlango mkubwa umewekewa ngazi tatu. Msimamizi wa mjengo akaniambia, "Usijali dada, vijana watakuwa wakikubeba." Nibebwe na vijana asubuhi na jioni, mimi mama wa watu na buibui langu! Usiku ule sikulala.

Nilianzia kwenye sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, ndiyo iliyokuwa ikitumika wakati huo, ililipatia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu nguvu ya kumwamuru mwenye jengo arekebishe. Lakini amri hiyo ilihusu majengo yanayoingiwa na umma, na mwenye flati angebishana nami mpaka mvi zinitoke.

Kilichonisaidia ni michoro. Jengo halianzwi mpaka kaunti ipitishe michoro yake, basi nikaenda na barua ofisi ya mipango kuomba kuiona. Karani akaikunjua mezani. Rampu, ile njia ya mteremko ya kupitishia kiti pasipo ngazi, ilikuwapo, imechorwa kando ya mlango, pale pale walipojenga kibanda cha jenereta! Nilitetemeka kwa hasira. Sikuwa naomba hisani tena. Nilidai kilichokwisha kupitishwa. Afisa wa ukaguzi akaja, akapima, akaandika kwamba cheti cha kukaliwa hakitatoka mpaka jengo lifanane na michoro.

Wakajenga rampu mbio mbio, urefu wa mita mbili. Nilikwenda na futi yangu. Ngazi zile zilipanda sentimita 45, na kipimo cha wasanifu ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda yataka 12 za kwenda mbele. Hiyo ni mita 5.4. Kwenye mbili, kiti kinakurudisha kinyumenyume barabarani. Fundi mwenyewe aliketi kitini akajaribu, akashuka kimya. Wakavunja, wakaizungusha ukutani, wakatia na vyuma vya kushikia.

Nimehamia. Sasa nafuatilia mlango wa choo: wameuweka sentimita 65, na kiti changu kina 63, vidole vyangu vinakwaruzwa kila nipitapo. Kwenye michoro umeandikwa 90.