Inveta, kumbukumbu ya 9: mkondo umetulia, hatimaye

Jana saa tano usiku, hapa Mwanga, Kigoma, mkondo wa inveta yangu (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa umeme wa AC) ulitulia. Wiki sita nzima nimekuwa nikitazama wimbi lenye meno ya msumeno, meno ya zaidi ya ampea moja, na kilele ninachokitaka ni ampea 3 tu! Kila mikrosekunde 50, yaani hatua moja, programu yangu hutabiri mkondo na kuchagua volti ya kuupa; kwa 24 V na koili ya 2 mH (milihenri), hatua moja husogeza mkondo kama ampea 0.6. Hizo nyingine zilitoka wapi?

Nililaumu ACS712 kwanza, kile kihisi cha kupima mkondo. Ile ya ampea 20 inatoa milivolti 100 tu kwa ampea, na kelele yake inakera. Nikaihamisha mbali na mosfeti (swichi za inveta); meno yaleyale. Nikalaumu koili, kwamba inajaa sumaku, nikaisokota upya mara tatu mpaka vidole vikachubuka. Meno yaleyale.

Kumbe ni muda. Niliinua pini moja ya chipu mwanzo wa hesabu na kuishusha mwisho, nikaipima kwa oskiloskopu ya kuazima: mikrosekunde 31 kati ya 50. Basi uamuzi wangu hufika kwenye swichi hatua inayofuata, mkondo ukiwa umeshahama. Nilikuwa nachagua volti kwa hali iliyokwisha kupita.

Sasa natabiri mara mbili. Kwanza naupeleka mkondo hatua moja mbele kwa volti ambayo tayari inafanya kazi. Kutoka hapo ndipo najaribu, kwa hesabu, volti +24, 0 na −24 kwa hatua ya pili. Rejea, yaani mkondo ninaoutaka, nayo naisogeza hatua mbili mbele. Mistari minne ya kodi ya programu, na meno yamepungua karibu nusu. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

STM32F103, chipu inayoendesha programu yangu, haina kitengo cha kukokotoa desimali, ndiyo maana ya hizo mikrosekunde 31. Anayeanza leo achukue STM32F4, yenye kitengo hicho, asijitese kama mimi.

Wiki hii ilikuwa ya kutengeneza boksi na kufunga transfoma. Imeahirishwa. Nimegusa mosfeti: mbili za juu zina moto kuliko za chini, kwa sababu kodi yangu volti sifuri inaipata kwa kuwasha za juu tu, kila mara. Sifuri zipo mbili: kuwasha za juu zote mbili, au za chini zote mbili! Nataka mzunguko mmoja itumie za juu, unaofuata za chini. Betri zinachajiwa, usiku naanza.