Kesi ya mtoto: usimame mwenyewe au utafute wakili?

Wengi huanza kwa kuuliza wakili ni shilingi ngapi. Ningeomba uanze na hili: mnabishania nini hasa?

Kama mmekubaliana mtoto akae wapi, na ubishi uko kwenye siku za kumtembelea na kiasi cha matunzo, simama mwenyewe. Hapa Tanzania ombi la namna hiyo hupelekwa Mahakama ya Watoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Linasikilizwa faragha, na hata wazazi ambao hawakufunga ndoa wanaweza kuliwasilisha. Tangu 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo lugha isikutishe. Ukidai na talaka, lazima kwanza mpitie Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na kupata hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Kuruka hatua hiyo kumeangusha mashauri mengi, maana sheria inaruhusu kuiruka katika hali chache tu.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inachukulia kwamba mtoto chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Baba asikate tamaa, na mama asibweteke, kwani kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Ndiyo maana ripoti ya Afisa Ustawi wa Jamii ina uzito. Ataangalia mtoto analala wapi, anasoma wapi, nani anabaki naye ukiwa kazini. Usimkaririshe mtoto majibu. Maneno ya mtu mzima kinywani mwa mtoto yanatambulika haraka.

Wanaosimama wenyewe hukwama zaidi kwenye ushahidi. Kuambatisha risiti kwenye ombi hakutoshi. Ukiwa kizimbani sema: "Mheshimiwa, naomba risiti hizi za ada zipokelewe kama kielelezo." Zisipopokelewa, hakimu hawezi kuzitegemea. Jumbe za WhatsApp zinahitaji zaidi ya picha ya skrini: andaa kiapo cha maandishi kinachoeleza simu ni ya nani, jumbe zilichapishwaje na kwamba hazikuguswa.

Kisha kuna maswali ya dodoso, yaani yale unayomuuliza shahidi wa upande wa pili. Mwenzako akisema hujawahi kulipa ada, nawe ukakaa kimya zamu yako ya kumhoji ilipofika, mahakama inaweza kuhesabu umekubali. Kila anapotamka jambo zito usilolikubali, liandike pembeni, halafu muulize moja moja, kwa ufupi. Usimhutubie. Hapa ndipo hasira huharibu kesi nzuri.

Tafuta wakili kama kuna ukatili, kama uzazi unakanushwa na vipimo vya DNA vinahitajika, kama mtoto anaweza kuvushwa mpaka, au kama mwenzako tayari ana wakili. Kama fedha ni kidogo, mlipe wakili aandae nyaraka tu. Kwa wasio na uwezo ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ila msaidizi wa kisheria atakuelekeza tu, hawezi kukuwakilisha mahakamani.

Amri ikishatoka, usimzuie mtoto kwa sababu matunzo hayajatumwa. Matunzo yadai kwa ombi mahakamani. Kumzuia mtoto kutakugeukia siku mwenzako atakapoomba amri ibadilishwe.