Nilinunua mikro mpya za gita, kumbe shida ilikuwa visi

Niseme ukweli, karibu mwaka mzima nilikuwa napiga gita yenye sauti mbaya na nilikuwa nalaumu Wachina. Gita yangu ni kopi ya Strato (Stratocaster ya kampuni ya Fender), mikro tatu (zile zinachukua sauti chini ya nyuzi) za bobini moja moja, yaani waya iliyozungushwa, nilichukua okazyo kwa jamaa wa koro (kwaya) ingine hapa Lubumbashi, rangi imetoka toka lakini manshi (shingo ya gita) imenyooka. Sisi tunapiga kanisani Katuba kila siku ya Mungu, mimi niko solo, kuna misolo (gita ya pili), bas, kinanda, batri (ngoma), na saa seben (sehemu ya kucheza, gita njo inaongoza) inaanza mimi njo nilitakiwa nisikike. Sasa nikipanda juu, hakuna mtu anasikia. Nikiongeza volimu, mama wa mbele wanafunga masikio na bado sisikiki.

Basi nikasema dawa ni mikro mpya.

Nikapata zile ndogo ambazo ndani yake kuna bobini mbili na juu wameweka mabamba mawili ya chuma, kartoni yake imeandikwa kilo-omu 14. Za zamani nilipima na multimeta zilikuwa karibu 6. Mi nikapiga hesabu ya sokoni, 14 ni zaidi ya mara mbili ya 6, kwa hiyo sauti itakuwa zaidi ya mara mbili. Nikatoa dola 45 ambazo nilikuwa nimewekea kitu kingine (bibi akisoma hapa, tuseme zilikuwa 20).

Siku ya repetisyo niliwasha ampli, kweli nguvu ilikuwepo, ilikuwa na nguvu kama lori ya madini, na kama lori ya madini ilikuwa inatoa vumbi tu. Kila kitu katikati, mnene, matope. Ule mng'ao wa juu, ile sauti ya vidole vikikimbia freti (vile vyuma vya kwenye manshi) ya 12 mpaka 15, umekufa. Kinanda iko katikati, misolo iko katikati, na mimi nimeenda kuongeza katikati. Mpiga kinanda aliniambia, "Mdogo wangu, leo umepiga?"

Nilipeleka gita kwa muzee mmoja anatengenezaga redio na ampli Kenya, kwa wasiojua, hapa kwetu Kenya ni komine (sehemu ya mji), haiko ile nchi. Nilimwambia baba, hizi mikro ni za uongo, sauti inakuwa nzito nzito. Hakuangalia hata kartoni. Aliuliza tu, zile za zamani uliziweka urefu gani kutoka kwa nyuzi? Nikanyamaza. Sikujua kama zina urefu. Nilikuwa naona zile visi (skrubu) mbili pembeni ya kila mikro nikafikiri ni za kushikilia tu zisianguke.

Nieleze kidogo, juu watu wengi wanapiga gita miaka kumi bila kujua ndani kuna nini. Mikro ya gita haisikii sauti kama mikro ya kuimbia. Ni sumaku, na kuizunguka kuna waya ya shaba nyembamba sana, kwenye Strato za kawaida karibu mizunguko 8,000, waya ya milimeta 0.06 hivi, nywele yako inaweza kuishinda unene. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku unasumbua uwanja wa ile sumaku, na ndani ya bobini kunazaliwa umeme kidogo sana, huo njo unaenda kwenye ampli. Ndiyo maana nyuzi za nailoni haziwezi kufanya kazi pale. Mwenda wa Bayeke, mpiga gita wa Katanga, yule Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alimrekodi 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, alikuwa anapiga gita kavu, ubao njo ulikuwa unaimba. Kwenye gita ya umeme ubao unasaidia lakini kazi kubwa iko kwa sumaku na waya.

Na kitu kinanichekesha kila mara nikifungua gita: sumaku za zamani zinaitwa alniko, maana yake alumini, nikeli na kobalti. Waya ni shaba. Kobalti na shaba, jamani, tunakaa juu yake! Inatoka hapa ikiwa udongo, inazunguka dunia, inarudi ndani ya kartoni na mi nailipa dola 45.

Bon, turudi kwa ile 14. Muzee alinielezea vile omu haipimi nguvu, inapima tu namna waya inavyozuia umeme. Ukizungusha waya nyembamba zaidi, omu zinapanda hata kama mizunguko haijaongezeka sana. Na ukiongeza mizunguko kweli, nguvu inaongezeka, sawa, lakini unalipa: sauti za juu zinashuka, katikati inavimba. Kwa mtu wa rock mwenye ampli inayokwaruza hiyo ni raha yake. Kwa seben, ambayo inataka noti ndogo ndogo safi, kila moja na ncha yake, ni kifo. Kwa hiyo mikro nilizozitupa kwenye droo, za 6, ndizo zilikuwa za muziki wangu.

Akazirudisha. Akasude (akaunga waya na risasi) mwenyewe, mi namwangazia na telefone juu umeme ulikuwa umeenda, chuma ya kusude anaipasha kwenye makaa. Halafu akaniambia leta karata ya SIM. Siyo SIM yenyewe, ile plastiki kubwa inabaki ukishatoa SIM, nyumbani niko nazo kama kumi. Unene wake ni sawa na karata ya banki, milimeta 0.76. Tatu pamoja zinafika karibu 2.3.

Anafanya hivi: unabonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, pale pale kwenye mwisho wa manshi, halafu unapima nafasi kati ya chini ya uzi na kichwa cha sumaku. Fender wenyewe kwa mikro za namna ya zamani wanaanzia milimeta 2.4 upande wa uzi wa mi mnene (noti ya E) na 2 upande wa uzi wa mi mwembamba. Yangu? Karata moja haikupita. Yule aliyeniuzia alikuwa ameinua zote mpaka juu, nafikiri na yeye alikuwa anatafuta nguvu, kila mtu anatafuta nguvu.

Na hapo nikaelewa kitu kingine kilichonisumbua miezi: mi mnene, nikiubonyeza freti za juu, ulikuwa unatoa sauti mbili zinagombana, kama watu wawili wanaimba noti moja lakini mmoja amelewa, na programu ya kupima noti kwenye telefone sindano inacheza cheza haitulii. Nilibadilisha nyuzi mara tatu, nilisogeza shevale (kile kinashikilia nyuzi juu ya ubao), bure. Ni sumaku ilikuwa inavuta uzi, kwa sababu iko karibu mno. Uzi hauwezi kutetemeka vizuri ukiwa umeshikwa miguu. Tulishusha mikro ya upande wa manshi, ile njo inavuta zaidi, na ule ulevi ukaisha palepale, mbele ya macho yangu.

Kwenye Strato ukizungusha visi kama unakaza, mikro inapanda, ukilegeza inashuka. Ya kwangu ilikuwa haishuki sawa juu mpira wa chini umekauka umekuwa jiwe, muzee akavunja biki (kalamu) mbili za kubonyeza akachukua resori (springi) zake akaweka. Zinafanya kazi mpaka leo. Na angalia turnevisi (bisibisi) yako! Sumaku inaivuta, mi mwenyewe iliruka toka mkononi ikagonga kifuniko, kama ingekuwa mikro bila kifuniko ningekata waya, na waya ya 0.06 haiungwi kirahisi. Rafiki yangu wa koro ya pili aliona kichwa cha sumaku ya uzi wa sol kimetokeza kuliko vingine, akakigonga na kinyundo ili viwe sawa. Kwenye mikro za namna ya zamani waya imezungushwa moja kwa moja juu ya zile sumaku, basi akakata bobini na mikro ikanyamaza kabisa. Vile vichwa usiviguse. Vya humbaka (mikro za bobini mbili) sawa, zile zenye visi juu yake, vile vimewekwa ili uvizungushe, uzi mmoja ukiwa na sauti ndogo unainua visi yake robo ya mzunguko unasikiliza.

Sasa kusawazisha mikro tatu. Karibu na shevale uzi unatetemeka kidogo, karibu na manshi unatetemeka sana, kwa hiyo mikro ya shevale lazima iwe karibu zaidi na nyuzi kuliko ya manshi. Hata kampuni ya Gibson kwa humbaka zao wanasema 2.4 kwa manshi na 1.6 kwa shevale. Mi nimeishia hivi: manshi karata tatu na kipande cha karatasi, kati karata tatu, shevale mbili na nusu (nusu ni karatasi ya daftari imekunjwa, usicheke). Halafu unaacha karata, unatumia masikio, unapiga akori moja huku unabadilisha selekta (ile suwichi ya kuchagua mikro), kama volimu inaruka unagusa visi tena. Ilitumaliza saa nzima. Muzee alikataa pesa ya hiyo saa, alichukua ya kusude tu.

Zile dola 45 ziko kwenye droo, bado nazitafutia mtu wa rock.

Selekta pia nilikuwa situmii vizuri. Strato ya 1954 ilitoka na nafasi tatu tu, wapigaji wakawa wanaisimamisha katikati ya nafasi ili mikro mbili zisikike pamoja, Fender wakaja kuweka tano 1977. Mi seben yote sasa naipiga nafasi ya pili, shevale na kati pamoja. Ile sauti ya kioo. Na kwenye gita yangu mikro ya kati imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa, kwa hiyo kwenye nafasi hizo za mbili mbili ule mvumo wa umeme unajifuta. Ndiyo akili ileile Seth Lover wa Gibson alitumia 1955 kutengeneza humbaka, bobini mbili zinafuta mvumo wa mwenzake.

Lakini nafasi ya mikro moja peke yake inavuma, na kanisani kwetu kuna zile taa ndefu za tubu juu ya kichwa changu kabisa. Nnnnnn, saa ya maombi. Dawa ni kufunika shimo la mikro ndani na mkanda wa shaba, uungwe kwenye masi (waya ya ardhi ya gita), usiguse waya ya moto. Nimezunguka wiki mbili kutafuta mkanda wa shaba mwembamba wenye gundi. Lubumbashi! Bomba la kiwanda cha shaba unaliona kutoka barabarani, mlima wa masalio uko pale, mkanda wa shaba hakuna. Jumamosi nitafungua gita niweke ile foili ya alumini bibi anafungiaga samaki, nimeshamwomba, amesema nimwachie nusu.